Hotuba Juu ya Matembezi ya Wanachama Wakati wa Likizo ya Agosti

(Iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Shimanzi, Mombasa)



Sisi tuliochaguliwa kuangalia shughuli za matembezi tumeagizwa na Halmashauri tusimame mbele yenu, tueleze tulikokwenda, tuliyoyaona, na yaliyotupata. Hesabu ya fedha imekwisha kupigwa chapa katika ukurasa wa Mweka Hazina, kwa hiyo hatutairudia hapa. Mwenye swali la shilingi na amwulize yeye. Mwenye swali la miguu iliyochoka atuulize sisi.

Kwanza yapasa tueleze jambo hili lilivyoanza, maana wako wanachama wanaodhani kwamba lilizuka katika vichwa vya vijana wapendao anasa. Sivyo. Lilianza kwa barua. Mmoja wa vijana wetu, aliyezaliwa hapa Shimanzi na kusomeshwa kwa msaada wa Chama hiki, anafanya kazi ya uuguzi katika mji wa Dublin, nchi ya Ayalandi. Alipopata likizo yake hakulala nyumbani. Alilipa nauli akaingia katika gari pamoja na wageni wengine, wakatembezwa mashambani na kiongozi mwenyeji wa nchi hiyo. Walipelekwa katika bonde liitwalo Glendalough, milimani kusini ya Dublin, ambako mtawa aitwaye Kevin alianza makao ya watawa katika karne ya 6. Uko huko mnara mviringo wa mawe, urefu wake kama mita 30, umesimama mpaka leo. Kisha siku nyingine wakapelekwa Kilmainham, nayo ni jela.

Alipolisoma neno hilo baba yake alicheka, akasema, "Mwanangu amekwenda ng'ambo kulipia kuingia jela!" Lakini barua ilieleza. Jela ile ilifungwa mwaka 1924. Humo ndimo walimopigwa risasi viongozi 14 wa maasi ya mwaka 1916, waliotaka nchi yao ijitawale. Baada ya kufungwa iliachwa, paa likaanguka, miti ikaota ndani ya vyumba. Ilipofika mwaka 1960 watu wa kawaida wa mji ule, mafundi seremala na waashi na makarani, walianza kuitengeneza kwa hiari yao bila mshahara. Siku hizi mgeni haingii humo ila pamoja na mtembezaji, naye humwonyesha kila chumba na kumsimulia nani alifungwa humo. Kijana wetu akamaliza barua yake kwa swali moja: "Je, baba, wewe umepata kuingia Ngomeni?"

Baba yake hakupata kuingia. Aliileta barua ile katika Halmashauri, nasi tukaulizana. Bwana Mwenyekiti atatushuhudia kwamba walioinua mkono hawakuzidi watatu, na mmoja wa hao watatu alikuwa amekwenda kupeleka simenti. Sisi tunaokaa hapa Shimanzi, katikati ya maghala na matangi ya mafuta, tumepakua na kupakia mizigo ya nchi zote. Twajua chai hii yatoka wapi na ngano ile yaenda wapi. Walakini kutoka hapa mpaka Ngome ya Yesu ni mwendo wa miguu usiotimiza saa moja, na wengi wetu tulikuwa tukiipita nje miaka nenda miaka rudi.

Hapo ndipo yalipozuka mabishano, na si vyema kuyaficha. Wazee kadhaa walisema kwamba Chama hiki kiliundwa kwa ajili ya ugonjwa, msiba na ada za watoto. Kwamba senti ya sanda haiwezi kugeuzwa nauli ya kwenda kutazama mawe. Neno hilo lilikuwa zito, nasi twalistahi hata leo. Mama mmoja mjane ndiye aliyelijibu. Alisema kwamba Chama kimepeleka maiti wengi makwao, Bungoma, Siaya, Taita na Kitui, na kila mara watoto wa marehemu hufika huko wakawa wageni. Hawajui kaburi la babu yao liko upande gani wa nyumba. Tena wakirudi Mombasa huitwa watu wa bara. "Basi watoto hawa," akasema, "ni wa wapi? Waacheni angalau waijue ardhi wanayoikanyaga." Ikaamuliwa kila mtu ajilipie, ila wazee waliopita miaka 70 na mayatima walipiwe kutokana na michango ya hiari, na mfuko wa misiba usiguswe. Haukuguswa.

Tulitoka Jumamosi tatu za mwezi wa Agosti. Jumamosi ya kwanza ilikuwa ya Ngome na Mji wa Kale.

Kiongozi wetu alikuwa kijana mzaliwa wa Kuze, mwenye adabu, akawaamkia wazee wote mmoja mmoja kabla ya kufungua mdomo juu ya habari za Wareno. Jambo hilo peke yake liliwafanya wazee wamsikilize. Alitueleza kwamba Ngome ilianza kujengwa mwaka 1593 kwa ramani ya Mwitaliano aitwaye Giovanni Battista Cairati, juu ya mwamba wa matumbawe ufukoni, na kwamba ukiitazama kutoka juu ina umbo kama la mtu aliyelala. Alituonyesha mizinga, kisima, na kuta ambazo mabaharia wa Kireno walizichora picha za merikebu zao, kama watoto wetu wachoravyo malori kwenye kuta za maghala.

Habari iliyotushika zaidi ni ile ya kuzingirwa. Mwezi wa Machi mwaka 1696 Waarabu wa Oman waliizunguka Ngome, wala haikuanguka mpaka Desemba 1698. Muda wa karibu miaka mitatu! Waliokuwa ndani walikufa kwa maradhi kuliko kwa risasi. Katika mwaka 1697 ilifika siku ambayo Wareno wenye kuamrisha walikuwa wamekwisha kufa, na Ngome ikashikwa na Bwana Daud wa Faza pamoja na jamaa zake 17, wanaume wa Kiafrika wanane, na wanawake wa Kiafrika wapatao 50. Hao ndio waliozilinda kuta mpaka merikebu za msaada zilipofika. Akina mama walimwambia kiongozi airudie habari hiyo. Akairudia. Wakamwuliza majina ya wanawake wale, naye hakuwa na jina hata moja la kuwapa. Mama mmoja akasema, "Basi hata katika vita vya watu wengine sisi ndio tuliokesha." Hatukuweza kuamua kama alisema kwa fahari au kwa uchungu.

Sasa twafikia jambo ambalo mwenyewe ametupa ruhusa kulisema, ila jina lake lisitajwe katika kitabu hiki. Katika kundi letu alikuwamo mzee wetu mmoja aliyezaliwa mwaka 1946, mtu wa bandarini tangu ujana wake. Alipofika penye lango alisita. Tulidhani ni magoti. Akaingia mwisho wa wote, akiwa ameshika bega la mjukuu wake.

Kiongozi alisema kwa ufupi, "Hapa palikuwa jela tangu mwaka 1895 mpaka mwaka 1958, ndipo pakafanywa mahali pa kumbukumbu ya taifa." Kisha akageuka kwenda kutuonyesha nyumba ya Waomani. Mzee hakugeuka. Akasema, "Mwanangu, ngoja kidogo. Hapo ulipopapita mbio, baba yangu alikaa."

Tukasimama sote. Akatusimulia kwamba mwaka 1957 baba yake alifungwa humo. Kosa lilikuwa nini hakuambiwa, wala mama yake hakulitaja mpaka alipofariki. Siku moja mama alipika ugali na samaki, akautia katika bakuli, akalifunga kwa kitambaa, akamwambia mwanawe aupeleke Ngomeni, pengine askari wa lango atauchukua. Mtoto alikuwa wa miaka 11. Alitoka Shimanzi kwa miguu, na nyumbani siku ile hapakuwa na chakula kingine. Alipofika Mwembe Tayari alifungua kitambaa atazame tu. Akaonja. Alipofika mbele ya Ngome bakuli lilikuwa tupu. Alikaa chini ya mti mpaka jua la utosini, akarudi, akamwambia mama yake kwamba chakula kimepokewa. Mama akashukuru Mungu. Mwaka uliofuata jela ikaondolewa pale, na baba yake akatoka. Hakusema neno juu ya miezi ile, wala mwanawe hakuthubutu kumwuliza kama alikuwa na njaa. Tangu siku hiyo, Bwana Mwenyekiti, mzee wetu hakulikanyaga lango lile, ijapokuwa kazi yake ilimpitisha karibu nalo mara nyingi.

Hakuna aliyejua la kusema. Yule mama mjane tuliyemtaja ndiye aliyekwenda akamshika mkono, akamwambia, "Ndugu yangu, baba yako angeulizwa nani ale chakula kile, angekutaja wewe." Mzee hakujibu. Baadaye alitaka kuonyeshwa vyumba vilikuwa upande gani. Kiongozi alimwonyesha alivyoweza, kisha akatoa kijitabu chake, akamwomba ruhusa aandike. Alisema kwamba wageni kutoka Ulaya humwuliza sana habari za Wareno, lakini hakuna aliyepata kumsimulia habari za jela. "Hamji, wazee wangu," akasema. Neno hilo lilikuwa la kweli, nasi hatukulichukia.

Kutoka Ngomeni tuliingia Ndia Kuu. Vijana wetu walidhani bao lile limekosewa herufi. Kiongozi akawaeleza kwamba ndivyo Kimvita kisemavyo: ndia, si njia, na kwamba Kiswahili wanachojifunza shuleni kilitengenezwa kwa kufuata zaidi lugha ya Unguja, ila hiki cha hapa ndicho alichotumia Muyaka bin Haji, mshairi wa zamani za Mazrui, ambaye mashairi yake yasomwa hata leo. Tuliwasikia vijana wakijaribu kusema "ndoo" badala ya "njoo" mpaka wazee wakachoka.

Tuliuona Msikiti wa Mandhry, usemwao kuwa ulijengwa mwaka 1570, na nyumba zenye roshani za mbao zilizochongwa, na milango ambayo ndani yake mtu huweza kusoma mali na nasaba ya mwenyewe. Tulisimama mbele ya nyumba iitwayo Leven, juu ya Bandari ya Kale, iliyopata jina kwa merikebu ya Kiingereza iliyofika hapa mwaka 1824, wakati Wamazrui walipojiweka chini ya bendera ya Mwingereza kwa muda wa miaka miwili ili wamkinge Sayyid Said. Haikuwafaa: mwaka 1837 Sayyid Said aliutwaa mji. Ufukoni yalikuwako majahazi machache tu. Mmoja wa makuli wetu wa zamani alitazama sana bandari ile ndogo, akasema kwamba reli ndiyo iliyoihamisha kazi ikaipeleka Kilindini. Na alisema kweli, maana reli ilianza kutandikwa hapa kisiwani mwaka 1896, ikafika ziwani Kisumu mwaka 1901, na tangu hapo mzigo mkubwa ulitaka maji ya kina kirefu yaliyo upande wetu. Basi kwa namna moja Shimanzi yetu ilikuja kwa kupungukiwa kwa majirani hawa. Tulinunua kahawa chungu na kashata, tukanywa tumesimama. Watoto wawili walipotea sokoni, Markiti, wakaonekana wakila miwa.

Jumamosi ya pili ilianza vibaya. Mwenye matatu tuliyepatana naye, na arubuni amekwisha kupokea, hakutokea mpaka saa nne, tena akaleta gari moja badala ya mawili na kutaka nyongeza. Tuliikataa nyongeza. Wazee walikaa, vijana walifuata kwa magari ya kawaida. Mwaka ujao mapatano yote yataandikwa na kutiwa sahihi mbele ya Katibu.

Safari yenyewe, kwa wazee, ilikuwa ya masimulizi. Tulipovuka Nyali wakakumbuka daraja la kuelea lililofunguliwa mwaka 1931 na kudumu mpaka hili la sasa lilipofunguliwa mwaka 1980. Tulipofika Mtwapa wakakumbuka kivuko kilichovutwa kwa mikono ya watu, nao wavutaji walikuwa wakiimba, na mwenye gari zuri alitungiwa maneno ya kumsifu ili afungue mfuko. Vijana hawakuamini.

Jumba la Mtwana liko kaskazini ya hori la Mtwapa, ufukoni kabisa, chini ya mibuyu. Ni magofu ya mji uliojengwa katika karne ya 14 na kuhamwa mapema katika karne ya 15, yaani kabla Vasco da Gama hajafika Mombasa mwaka 1498. Bwana James Kirkman, aliyekuwa amechimbua Gede na Ngome, aliuchimbua mwaka 1972. Jina lake la kwanza halikuhifadhiwa. Hili la sasa ni la watu wa baadaye waliokuta kuta tupu. Iko misikiti minne, na mmoja wao umesimama karibu na maji hata mawimbi husikika mihrabuni. Ziko nyumba, na moja imeitwa Nyumba ya Milango Mingi, kwa kuwa ina vyumba vilivyogawanywa kama vya kupangisha. Wapangaji wa Shimanzi waliielewa nyumba hiyo mara moja. Mmoja akauliza kodi ilikuwa inalipwa tarehe ngapi.

Lililotushangaza ni mambo ya maji. Karibu kila nyumba ina choo chake na mahali pa kujisafishia, na misikitini yako mabirika ya kutawadhia. Watu wa miaka 600 iliyopita! Mama mmoja alitazama, akasema kwamba katika safu za nyumba zetu bado twapanga foleni. Mwashi mmoja wetu ndiye aliyetufundisha zaidi kuliko kiongozi wa siku hiyo. Aliweka kiganja chake ukutani akaeleza jinsi matumbawe yachomwavyo kwa kuni mpaka yawe chokaa, jinsi chokaa iachwavyo ikae muda kabla ya kutumiwa, na kwa nini ukuta wa chokaa hupumua hewa ya bahari ambapo simenti hupasuka. Alisema hata mtu wa kwao Kakamega akija na ujuzi wake wa udongo angeheshimu kazi ile. Kiongozi akanyamaza akasikiliza, na twamsifu kwa hilo.

Jumamosi ya tatu tulivuka feri ya Likoni tukaenda Kwale, katika Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wadigo karibu na Diani. Wanachama wetu wa Kimijikenda walikuwa wakituambia siku zote kwamba kaya si pori, nasi tulikuwa hatuelewi. Makaya ndiko walikokaa mababu zao katika vijiji vyenye boma, wakizungukwa na msitu. Na walipotoka kwenda kulima nje, msitu ukabaki na makaburi na mahali pa maombi. Mwaka 2008 misitu kadhaa ya makaya iliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia, kama Mji wa Kale wa Lamu ulivyoandikwa mwaka 2001 na Ngome yetu mwaka 2011. Gede imeandikwa mwaka 2024.

Kabla ya kuingia kila mtu alifungwa kaniki kiunoni. Tuliambiwa tusichukue hata jani, tusivunje kijiti, tusiseme kwa kelele. Hapo palikuwa na shida, maana mzee wetu mmoja aliona kwamba dini yake haimruhusu kuvaa kaniki ile wala kuingia mahali pa tambiko. Tuliogopa pasitokee maneno. Mzee wa kaya akamwambia, "Ndugu yangu, nawe una pako usipoingia na viatu," akamletea dafu, akamweka kivulini nje ya mpaka. Wote wawili walionekana kuridhika. Sisi wengine tukaingia.

Ndani ni baridi na kimya, na miti ni mikubwa mno. Tulionyeshwa gome la tumbo, jani la homa, mzizi wa mwanamke aliyejifungua. Wajaluo na Waluhya waliokuwamo waliitambua baadhi ya miti na kuitaja kwa majina ya kwao, na mzee wa kaya akawauliza wao huitumia kwa nini. Mazungumzo hayo yalichukua saa nzima, yakatuchelewesha feri, wala hakuna aliyelalamika.

Mzee wa kaya alitusimulia pia habari za Kaya Fungo ya Wagiriama, jinsi Waingereza walivyoilipua kwa baruti mwaka 1914 kwa sababu ya Mekatilili wa Menza, mwanamke aliyewaapisha watu wasitoe vijana wao kufanya kazi ya serikali. Walikuwa wamemkamata yeye na Wanje wa Mwadorikola wakawapeleka mbali, Kisii, wapate kusahauliwa. Wakatoroka wakarudi. Hapo mwanachama wetu mmoja mzaliwa wa Kisii akasema kwamba yeye huja kwao kwa basi usiku kucha na siku ya pili huwa mgonjwa. Akataka aambiwe mama yule alipita njia gani kwa miguu. Tangu siku hiyo vijana humwita "jirani wa Mekatilili," naye haonyeshi kuchukia.

Bwana Mwenyekiti, tuliahidi kusema na makosa yetu. Hatukuchukua maji ya kutosha siku ya Mtwapa. Tulisahau kwamba mama mwenye mtoto mgongoni hawezi mwendo wa kijana wa mpira. Tulimpa kiongozi wa kwanza ujira aliotaja yeye mwenyewe bila kuuliza mapema, na ulikuwa wa haki, lakini tungeweza kukosana. Tena tuliandika orodha ya watu 40, wakaja 53, na wale 13 waliozidi hatukuwa na moyo wa kuwarudisha.

Kwa mwaka ujao Halmashauri imekubali safari ya Rabai. Huko wamishonari Krapf na Rebmann walikaa tangu mwaka 1846, na makaya ya Warabai yako karibu, hata siku moja yatosha kwa yote. Walioona pingamizi juu ya nauli mwaka huu wawili wao wamekwisha kuleta michango yao, nasi hatutawataja wasije wakachekwa. Na yule kiongozi wa Ngomeni ametuletea salamu: ataka kuja hapa Shimanzi siku moja ya mapumziko kuonana na wazee wengine waliokuwa na jamaa zao jela ile kabla ya mwaka 1958, aandike majina yao kama watakubali. Mwenye habari, hata iwe kidogo, na ampe Katibu jina lake leo kabla ya chai. Mzee wetu wa bakuli amekwisha kutoa la kwake. Jina la baba yake ameliandika kwa mkono wake mwenyewe, na chini yake ameomba nafasi mbili katika safari ya Rabai, yake na ya mjukuu.